Siku Ambayo Jenereta Halikuzimwa

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sioni haya kulisema. Nikitoka nyumbani kwangu hapa Bariadi hurudi mara mbili kutazama kama nimezima jiko, na mara ya tatu kutazama kama nilipokuwa nikitazama sikuliwasha. Marehemu mume wangu alinitania kwamba naweza kumwamsha kuku nimuulize kama amelala. Ninyi vijana mnaokuja kukaa kibarazani kwangu na kompyuta zenu mnacheka pia. Chekeni. Lakini juzi mmoja wenu, simtaji, alinionyesha skripti yake inayoita programu nyingine tano, moja baada ya nyingine. Juu kabisa ameandika hivi: kama kigeu fulani kina kitu, tumia hicho kilichomo, kama hakina, weka hiki changu. Nikamuuliza, "Na hicho kilichomo, kama kimo, kimewekwa na nani?" Akanijibu, "Kitakuwa kimewekwa tu, bibi." Hilo "tu" ndilo limenifanya nitafute kalamu.

Nilikuwa karani wa kompyuta katika kiwanda cha kuchambua pamba, zamani hizo wakati soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kumiminika huku kwetu na malori yao. Kiwanda kilikuwa cha ushirika, kikapata tajiri mpya. Kompyuta ilikuwa moja, rangi ya maziwa yaliyoganda, na kioo chake kilikuwa na maandishi ya kijani. Panya wa kubofya hakuwapo. Waliokuwapo walikuwa wa kweli, wakitafuna karatasi za printa. Ukitaka kazi unaandika amri kwa herufi, na ukichoka kuandika amri zilezile kila siku unazipanga kwenye faili moja, unaliita faili kwa jina, nalo linaziita programu zako kwa zamu. Ndiyo skripti zenu hizo hizo, nguo tu ndizo zimebadilika.

Aliyenifundisha ni Mzee Mabula wa Malampaka. Alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kwenye mashine za teleksi Mwanza, na alikuwa na vidole vinene ambavyo hukutegemea kuviona kwenye kibodi. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Ukikosea alikohoa. Kikohozi kimoja maana yake soma tena mstari wako; viwili, ondoka kwenye kiti.

Nakumbuka siku ya kwanza ya vikohozi viwili. Nilikuwa na wiki tatu kazini, nikataka programu zangu zijue mafaili ya pamba yamewekwa wapi. Nikaona kuna kigeu kinaitwa PATH, nikasema hiki ndicho, nikakiandikia folda ya pamba. Baada ya hapo kila nilichokiita kilikataa. Kunakili diski, hakuna. Kuchapa, hakuna. Mashine inaniambia haijui amri hiyo, nami nimeitumia asubuhi ileile! Nilitoka jasho nikidhani nimeua kompyuta ya ushirika, na nilianza kufikiria nitamwambia nini baba yangu. Mzee Mabula akakohoa mara mbili, akakaa, akazima, akawasha. Kila kitu kikarudi.

"Kabula," akaniambia, "hilo jina lina mwenyewe. Ndimo mashine inamoangalia programu zinakaa wapi. Wewe umefuta nyumba zote ukabakiza ghala la pamba. Ukitaka kigeu chako, kipe jina lako."

Kwa wasiojua, nieleze kidogo kigeu ni kitu gani, maana nimekuwa nikisema kigeu kigeu. Unaiambia mashine SET AINA=CHAKULA. Mashine inalishika neno hilo kwenye kumbukumbu yake. Programu utakayoiita baadaye inaweza kuuliza: AINA ni nini? Itajibiwa: CHAKULA. Basi. Hukuigusa programu yenyewe, umeiachia ujumbe mahali inapopita. Ni njia nzuri sana ya kufanya kazi, ila ujumbe hauna tarehe wala jina la aliyeuacha. Anayepita anausoma kama wake.

Siku hizi mashine zenu zina adabu kidogo. Skripti ikiitwa inapewa nakala yake ya vigeu, ikimaliza inaondoka nayo, haichafui ya aliyeiita. Lakini nanyi mna amri ya kuipakia skripti ndani ya dirisha hilohilo mnalofanyia kazi, na mkifanya hivyo ilichoweka kinabaki, na mkikipa amri ya export kinarithiwa na kila mnachokiita mpaka mfunge dirisha. Sisi ndivyo tulivyoishi kila siku. Faili la amri likimaliza, vigeu vyake vilibaki vimekaa pale vikikutazama, mpaka mashine izimwe. Mzee Mabula alinisisitizia jambo moja: "Faili lako likianza, liweke kila linachohitaji. Likimaliza, lifute lilichoweka. Usiulize mezani kumebaki nini. Weka chako." Nikamwitikia ndiyo, ndiyo, na kichwani nikasema mzee huyu ana kazi nyingi za bure.

Kisha akastaafu akarudi Malampaka, nikabaki peke yangu na ujanja wangu.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Pamba ikichambuliwa, nyuzi zinakwenda kwenye marobota na mbegu zinabaki. Mbegu hizo tulizigawa mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa chakula cha ng'ombe. Wafugaji waliwapa maksai kiangazi kikiisha, wapate nguvu za kuvuta jembe. Fungu la pili lilikuwa la kupanda, nalo lilichanganywa na dawa ya unga dhidi ya wadudu na magonjwa. Unga ule ulikuwa mwekundu, na ulikuwa sumu. Magunia yalikuwa ya aina moja. Enzi ya ushirika gunia la dawa lilipigwa alama kubwa ya rangi ubavuni. Tajiri mpya akasema rangi ni uchafu, kiwanda cha kisasa kinatumia lebo za kompyuta. Vibarua wakaambiwa: fuateni lebo. Lebo zilitoka kwangu.

Nilikuwa na mafaili mawili. La kwanza, la chakula, liliweka AINA kuwa CHAKULA kisha likaita programu ya kuchapa. La pili, la mbegu, nililiandika kwa ufundi wa kujionyesha. Badala ya kuweka AINA moja kwa moja, lilisema: kama AINA haina kitu, weka MBEGU. Nilitaka mtu wa ghala akihitaji lebo za namna nyingine niweke AINA kwa mkono tu, faili lenyewe nisiliguse. Nilijiona mjanja sana. Hakuna faili hata moja kati ya hayo mawili lililofuta kitu likimaliza.

Mnaona tatizo? Mimi sikuliona kwa miezi, kwa sababu lilikuwa halitokei. Asubuhi nachapa chakula, mchana nachapa mbegu, lebo zinatoka sawa. Nilidhani ni ufundi wangu. Kumbe lilikuwa jenereta. Jenereta bovu la ushirika lilizimwa kila siku saa sita ili lipumzike, kompyuta ikazimika nalo, kumbukumbu ikafutika. Saa nane nikiwasha, AINA haina kitu, faili la pili linaweka MBEGU. Jenereta ndilo lililokuwa likinifagilia meza, nami nikajisifu kwamba mezani pangu ni pasafi.

Tajiri akaleta jenereta jipya. Tulilishangilia. Lilifanya kazi kutwa bila kuzimwa. Kwa siku kadhaa nilichapa aina moja tu, ama hii ama ile, hakuna kilichotokea. Siku ya kwanza aina zote mbili zilipoangukia pamoja, asubuhi nilichapa chakula. Saa sita nikala ugali wangu na mlenda, nikashangaa jinsi taa inavyowaka wakati wa chakula. Saa saba nikaita faili la mbegu. Likauliza: AINA ina kitu? Ina. CHAKULA. Likanyamaza, likachapa. Printa ikalia wiii, wiii, karatasi zikatoka nyingi, nami sikusoma hata moja. Nilitazama namba za mafungu tu, zilikuwa sawa.

Saa kumi Mama Nkwimba, mtunza ghala, alisimama mlangoni. Alikuwa mama mnene asiyependa kupanda ngazi, kwa hiyo kumwona juu pale tu kulinishtua.

"Kabula, gari la mbegu limefika, halina mzigo. Na magunia ya chakula yamezidi. Yamezidi sana. Wewe umechapa nini?"

Nilichukua lebo iliyokuwa imekwama kwenye printa. Namba ya fungu, ya mbegu. Uzito, wa mbegu. Chini kabisa: CHAKULA CHA NG'OMBE. Nikaandika SET peke yake, bila kitu kingine, nikabonyeza. Ukifanya hivyo mashine inakuorodheshea vigeu vyote ilivyoshika. Mstari wa mwisho ulisema AINA=CHAKULA. Ulikuwa umekaa pale tangu saa tatu asubuhi.

"Mama," nikasema, "gari linalopeleka chakula cha ng'ombe Lalago limeondoka?"

"Saa nane na nusu."

"Limebeba magunia yapi?"

Alijishika kichwa kwa mikono miwili.

Kule Lalago ungempigia nani simu? Meneja hakuwapo, na ningemngoja, ng'ombe wangekuwa wamekwisha kula. Mama Nkwimba alikwenda kuzuia ghala mwenyewe, akaukalia mlango wake kwa mwili wote, mimi nikamfuata Shija, dereva wa pikapu. Tukaondoka.

Sijui kama nimewahi kuogopa kama nilivyoogopa kwenye barabara ile. Vumbi, mashimo, na jua linashuka upande wa kulia kwangu. Mimi ni mtoto wa wafugaji, najua ng'ombe wanarudi saa ngapi. Wanarudi jua likishuka, na wakirudi ndipo maksai wanapewa mbegu. Kila nilipoona kundi kando ya barabara nililihesabia mwendo: hawa bado saa nzima, hawa wako karibu na boma. Shija alikuwa mtu wa maneno mengi lakini siku ile aliniuliza swali moja tu.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba kompyuta imekosea," nikasema.

"Ehee." Akabadili gia. "Na wao wataiuliza kompyuta?"

Lalago tulilikuta gari letu limeshateremsha mzigo. Magunia yote yalikuwa kwenye ghala, yameshonwa midomo, isipokuwa mawili. Nilimshukuru Mungu kwa yale mengi, kisha nikakumbuka sumu haihitaji mengi. Mawili yalichukuliwa na mfugaji mmoja, Mzee Limbu, kwa mkokoteni, boma lake liko mbele kama maili mbili. Bwana mifugo wa pale tulimweleza, akapanda nyuma ya pikapu na debe la mkaa uliosagwa, wa kunyonya sumu tumboni, bila kuuliza maswali.

Ng'ombe walikuwa wamesharudi. Niliona vumbi lao kabla sijaliona boma. Nikashuka pikapu haijasimama sawasawa, nikakimbia na viatu vyangu vya ofisini, kimoja kikabaki njiani.

Mzee Limbu alikuwa amesimama katikati ya zizi, mwembamba, ana ndoo mkononi. Mazoea ni mazoea. Hata katika hali ile nilijikuta nikipiga goti, tukaamkiana Kisukuma, mimi nikimwita bhabha, baba, naye akiniita mayu, mama.

"Mwadila, bhabha."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

Nilitakiwa niitikie mhola, kwamba ni salama. Mdomo ukakataa. "Siyo mhola, bhabha. Zile mbegu. Umewapa?"

Alinitazama miguu, mmoja una kiatu mmoja hauna. Kisha akaonyesha kwa kidevu. Kulikuwa na pipa la kulowekea, na maji yake yalikuwa mekundu. Wazee wengi huku walikuwa wakiloweka mbegu kabla ya kumpa ng'ombe, zilainike. Kando ya pipa maksai mmoja mwenye mabaka alikuwa amesimama ameinamisha kichwa, mate yanamtoka kama kamba.

"Huyo mmoja," akasema. "Nimempa kidogo nimwone kwanza. Wengine bado."

Bwana mifugo alikuwa ameshafika kwa maksai. Mzee Limbu akawa anasema polepole, kana kwamba anajieleza yeye mwenye kosa. "Maji niliyaona, mayu. Nikasema mbona mekundu, hii siyo chakula. Nikamwita binti yangu Holo, amesoma mpaka la saba. Nikamwambia nisomee karatasi. Akasoma: chakula cha ng'ombe. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikasema basi, karatasi imetoka kwenye kompyuta, mimi ni nani niibishie?"

Holo alikuwa mlangoni, ameshika lebo yangu kwa vidole viwili. Analia. Binti wa watu alikuwa amesoma sawasawa kila herufi.

"Nani aliandika?" Mzee Limbu akauliza.

Neno "kompyuta" lilikuwa mdomoni, nimelifanyia mazoezi tangu Bariadi. Nikamtazama Holo. Nikijibu hivyo, jambo hili lingebaki shingoni kwake, kwamba alisoma vibaya, au kwamba kusoma kwenyewe ndiko kulikowaponza.

"Mimi, bhabha. Holo amesoma vizuri. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Nilingoja matusi. Hakutukana. Alisema, "Basi njoo umshike kichwa."

Nikamshika yule maksai pembe na taya, wakamnywesha mkaa na maji, akakohoa yote yakanimwagikia, tukamnywesha tena. Alikuwa akitetemeka, na kutetemeka kwake kukapita mikononi mwangu. Tulikaa naye hivyo mpaka bwana mifugo aliposema mwacheni apumue.

Hakufa. Nasema mapema kwa sababu najua mnangoja. Lakini hakuvuta jembe msimu ule. Mvua zilipoanza nilikwenda Lalago siku yangu ya mapumziko, nikaiona familia ile ikilima kwa jembe la mkono shamba ambalo maksai wawili wangelimaliza upesi. Nilijiunga nao. Viganja vyangu vya kibodi vilipasuka kabla ya saa nne, na Mzee Limbu alinicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Meneja naye nilimwambia yote. Alipiga meza, akanipa barua kali, na alama ya rangi ikarudi ubavuni mwa magunia.

Mafaili yangu niliyaandika upya siku iliyofuata, mikono bado inanuka mkaa. Kila faili likaweka AINA lenyewe, bila kuuliza kilichomo. Kila faili likaifuta likimaliza. Na kati ya kuweka na kuita programu nikatia mistari miwili ambayo Mzee Mabula hakunifundisha: mmoja wa kuandika kwenye kioo AINA ni nini sasa hivi, kwa herufi kubwa, na mwingine wa kusimama mpaka mtu abonyeze. Faili liseme linachotaka kufanya kabla halijakifanya. Vijana, kwenye mashine zenu ni mistari miwili hiyohiyo. Na kama kigeu ni cha programu moja tu, kiandikeni kwenye mstari uleule mnaoiita, mbele ya jina lake, kiishe nayo. Msikiache nje kikizurura.

Niliwahi kumwendea Mzee Mabula Malampaka kumsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakohoa mara mbili, nikainuka kwenye kiti bila kufikiri, naye akasema, "Kaa, Kabula. Hiki ni kifua."

Mwaka uliofuata Mzee Limbu alikuja mwenyewe kiwandani, pamoja na mkokoteni wake na maksai wale wawili, mwenye mabaka akiwa kushoto. Alikuja kuchukua mbegu za kupanda. Vibarua walimwekea magunia tayari, yana rangi, yana lebo. Hakuyagusa. Akasema wamwite yule mayu wa kompyuta.

Nikashuka mbio, nikidhani kuna jingine tena.

"Soma," akaniambia.

Nikaishika lebo nikasoma: "Mbegu ya kupanda. Imetiwa dawa. Siyo chakula."

"Hiyo ni karatasi. Karatasi nilishaisikia." Akaweka mkono juu ya shingo ya maksai mwenye mabaka. "Sasa sema wewe."

Nikaenda kwenye gunia, nikafungua kona ya mdomo, nikatia vidole. Vikatoka vyekundu. Nikamwonyesha.

"Ni mbegu, bhabha. Ni sumu. Nasema mimi, Kabula."

Ndipo akainama akashika gunia upande wake, akaningoja nishike upande wangu.